Minyaa ya rangi kando ya njia ya nyumbani, Jambiani, Unguja: uzoefu wangu

Kaka yangu anayeishi Uingereza ndiye aliyenitia tamaa. Kila Januari hunirushia picha za vichaka vya Cornus mbele ya nyumba yake: majani yamepukutika yote, vimebaki vijiti vyekundu juu ya theluji. Nikataka kitu kama hicho kando ya njia ya kuingilia kwangu. Mzee wa kitaluni alipoiona picha niliyomtumia alicheka. "Huo unataka baridi, mwanangu. Chukua mnyaa wa rangi."

Mnyaa wa kijani sote tunaujua, wa kuzungushia ua. Huu ni huohuo, ila vijiti vyake havina ukijani mwingi, basi huwa vya manjano, na ncha zake hugeuka rangi ya chungwa hadi wekundu. Nilichukua 12, kila kiriba shilingi 6,000, vikaletwa na keri, kigari cha mizigo.

Kwangu ni uwanda, jiwe tupu. Mashimo yalichimbwa kwa mtaimbo, shubiri mbili kwenda chini, nikajazia udongo na samadi kidogo. Nilipanda Machi, masika ikamwagilia. Krotoni zangu za mwaka juzi zilibabuka kwa upepo wa chumvi. Hii minyaa upepo huo haiujali kabisa.

Mwanzo nilijuta. Mvua zote zile ilikaa manjano ya kupauka, kama mtu aliyetoka homani. Kipupwe kikaingia, mvua zikakatika, usiku ukawa na ubaridi. Asubuhi moja ya Julai natoka kwenda kununua mkate, jua linachomoza nyuma yake, naona ncha zote zimewiva kama makaa yaliyopepewa. Nilisahau mkate, nikarudi ndani kuchukua simu nimpigie kaka picha. Mmoja tu uliobaki vilevile, ule ulio chini ya mwarobaini. Kivulini haukolei.

Sasa lawama. Miwili kati ya 12 ilikuwa mnyaa wa kawaida, kijani kitupu. Watu wa kitalu walinibadilishia baada ya kupiga simu mara tatu, na nauli ya gari nililipa mimi. Hilo nimesamehe. Lakini hakuna aliyenitajia utomvu, na hapo sikuwaelewa. Mpwa wangu alivunja kijiti, maziwa yakamrukia mkononi, akajifikicha jicho. Kilio chake kilileta majirani. Tulimwosha kwa maji mengi kwa muda mrefu, kisha tukamkimbiza hospitali. Siku mbili alikaa chumbani madirisha yamefungwa. Alipona, alhamdulillahi. Wazee wanaujua ukali wa mnyaa, lakini anayeuziwa kama ua la pambo huenda hajui.

Ile minne ya karibu na baraza nimeihamishia kwenye ukuta wa nyuma, na kuipogoa napogoa mwenyewe, glavu mkononi na miwani usoni.

Kwa mche nawapa nyota tano, kwa huduma tatu. Vuli nitaongeza sita, ila safari hii nakwenda kitaluni mwenyewe, nichague kiriba kimoja kimoja juani.