Matairi ya matope ya saiklokrosi: nimeyatumia kwenye mbio za kufunga msimu

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Niko Ghent, Ubelgiji, na baiskeli mnayoiona hapa nyuma sijaiosha kwa makusudi. Jana nilishiriki mbio za kufunga msimu, zile za sisi wa ridhaa, dakika 40, na nataka mlione tope likiwa bado mahali pake, kwa sababu ndilo litakaloamua kama bidhaa hii inafaa.

Kwa mgeni wetu wa leo: saiklokrosi ni mbio za baiskeli za msimu wa baridi, Septemba hadi Februari, kwenye malisho, mchanga na vichaka. Unazunguka njia ya kilomita 2.5 hadi 3.5. Ukifika kwenye mbao za kizuizi au kilima kilicholainika, unashuka, unaitupia baiskeli begani, unakimbia.

Bidhaa yenyewe ni matairi haya mawili ya matope, upana milimita 33, yanafungwa bila tyubu. Nimenunua kwa pesa yangu, euro 58 kila moja. Jina la kampuni nimelifunika kwa utepe, maana kampuni kadhaa zinatengeneza umbo hilihili, na mimi nataka tuongelee umbo. Hiyo 33 pia si bahati: kanuni za UCI, chama cha kimataifa cha mchezo wa baiskeli, haziruhusu tairi pana zaidi ya hapo.

Sogeeni muone kashata, hivi vinundu vya mpira juu ya tairi. Ndefu, na zimeachana, kidole changu kinapita katikati. Sasa hili lingine, la zamani, ndilo nililoendeshea tangu Septemba, tairi la kila ardhi: kashata zake fupi, zimebanana. Zikibanana hivi, tope linajaa kwenye nafasi na halitoki, basi unaendesha kipara wakati kashata zako zote zipo. Zikiachana, gurudumu likizunguka tope linarushwa nje na kashata zinauma ardhi upya.

Lakini tope na tope hazifanani. Mimi nimekulia Lushoto, tope jekundu la masika nalijua tangu utotoni, na bado la huku lilinifundisha. Kuna tope la uji na tope la ugali. La uji linatisha ukilitazama, ila linajiosha lenyewe. La ugali, linaloanza kukauka na kuchanganyika na majani, ndilo linaloganda kwenye foki mpaka gurudumu linagoma. Jana tulipata yote mawili: asubuhi ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, jua likatoka, mzunguko wa kwanza uji, wa nne ugali. Kwenye ugali, lile tairi la zamani lingenishusha kwenye kila kona. Haya yalinishusha kwenye kilima peke yake, ambako hata walionitangulia walikuwa wanakimbia.

Sasa upepo wa ndani ya tairi. Hapa naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu nimeona watu wananunua matairi ya bei halafu wanayajaza kama ya barabarani. Nina kilo 68. Kwenye mzunguko wa mazoezi nilianza na baa 1.8 (baa ni kipimo cha mgandamizo wa hewa). Kwenye ule mteremko wa pembeni, ambapo ardhi imelalia upande, gurudumu la nyuma likawa linateleza kuelekea kwenye utepe wa mpaka. Nikapunguza hadi 1.5. Palepale, mteremko uleule, nikapita nimekaa kwenye siti. Tairi lililegea, likalala juu ya ardhi, kashata nyingi zaidi zikagusa. Nunueni kipimo cha upepo cha mkononi kabla ya kununua tairi lolote. Hicho kipimo kilichoko kwenye pampu hakiaminiki kwa upepo mdogo hivi.

Nikataka zaidi, nikashuka hadi 1.3. Mzunguko wa tatu, kwenye mzizi nje ya kona, tairi la mbele lilijikunja, likaachana na ukingo wa rimu na kutema upepo. Nilimaliza mzunguko nikisikia rimu inagonga kila jiwe, nikaingia sehemu ya mafundi nikajaza. Nafasi sita zilipotea hapo. Wakubwa wengi wa mchezo huu wanashuka chini kuliko hapo kwa sababu matairi yao yamegundishwa kwenye rimu kwa gundi, hayana pa kutokea. Sisi wa bila tyubu, kwa uzito wangu, 1.5 ndiyo sakafu.

Kasoro ya tairi lenyewe ipo kwenye ardhi ngumu. Kile kipande cha lami cha kuanzia, mita kama 150, linanguruma na kukuvuta nyuma. Kwenye kona kavu kashata ndefu zinapinda, unahisi baiskeli inayumba. Ukiendesha nayo kwenda kazini utazila kashata kwa wiki chache.

Kwa hiyo, kama mbio zenu ni za Septemba na Oktoba, kwenye nyasi kavu, msinunue. Kama una pesa ya tairi moja tu, lifunge mbele, maana nyuma ikiteleza unaweza kujiokoa, mbele ikiteleza uko chini. Mimi nayabakisha yote mawili. Nayaosha leo, nayatundika mpaka Novemba, mvua zikianza kukaza. Niandikieni hapo chini uzito wako, upana wa rimu yako na aina ya ardhi, nitawajibu mmoja mmoja nikupe kiasi cha upepo cha kuanzia.