Mradi wa baiocha na kaboni huku Kimilili: nimekaa nao misimu miwili, naupa nyota 3 kwa 5

Wengi mmekuwa mkiniuliza kuhusu hawa watu wa kaboni wanaozunguka Bungoma na Kakamega na pikipiki wakiandikisha wakulima, kama ni wa ukweli ama ni wale wa kula na kuhepa. Jina la mradi wetu sitataja, bado tuko kwa mazungumzo nao na kikundi kinaweza kuumia, lakini vile mambo yalienda toka siku ya kwanza mpaka juzi nitasema yote.

Kwanza mjue huduma yenyewe ni nini. Wanapatia kikundi tanuri la chuma, limekaa kama karai kubwa lenye mdomo mpana, mnachoma ndani magunzi ya mahindi, maganda ya kahawa, vijiti vya kupogoa, lakini hamchomi mpaka majivu. Unaongeza tabaka juu ya tabaka, ule moto wa juu unamaliza hewa kwa hivyo za chini haziungui zikaisha, zinabaki makaa, halafu unamwaga maji mengi unazima. Hayo makaa ndio baiocha. Unaloweka na mkojo wa ng'ombe ama unachanganya na mboji wiki mbili tatu, msimu ukifika unatia kwa shimo la mahindi. Ile kaboni mahindi yalivuta hewani yakikua, badala ya magunzi kuoza na kuirudisha juu, inakaa kwa udongo miaka mia na zaidi. Hiyo ndio wanauza huko nje kwa kampuni zinazotaka kufidia moshi wao. Wewe unalipwa kitu kidogo kwa kila gunia na baiocha inabaki yako.

Upande wa shamba sina neno baya hata moja. Udongo wetu huku umechacha, tumetia mbolea ya DAP kila mwaka tangu enzi za marehemu baba mkwe, nilipopeleka kupimwa pH (namba ikishuka, asidi imezidi) ikatoka 4.9 wakati mahindi yanataka angalau 5.5. Robo ekari niliyoweka baiocha na mboji nilitoa magunia tano, ile robo ya kando yake niliyoacha na mbolea ya duka peke yake ikatoa tatu na debe kadhaa. Na si mimi tu, watafiti walishajaribu makaa haya huku nyanda za juu za magharibi miaka ya 2000 na walikuta mashamba yaliyochoka kabisa ndio yanafaidika zaidi kuliko yale yaliyofyekwa msitu juzi. Kwa hivyo kama shamba lako ni la kurithi na limelimwa miaka hamsini, usisikize mtu anayekuambia ni uongo.

Yule kijana wao wa nyanjani pia nampa nyota tano zote. Anakuja hata mvua ikinyesha, anakaa chini na akina kukhu, bibi zetu, anawaeleza kwa Kibukusu pole pole mpaka washike, mtu akichoma vibaya hamgombezi. "Mama, hapa ulichelewa na maji, angalia imekuwa nyeupe." Ndio nilijifunza hivyo, kwa kuonyeshwa.

Malipo sasa. Kila mkichoma lazima mpige picha na simu, picha ibebe mahali na saa, mpime magunia, mtume kwa programu yao. Tuko 18 kwa kikundi na wenye simu ya tachi ni wawili. Msimu wa kwanza picha za siku nne zilikataliwa ati hazionyeshi mahali, na siku hizo ndio tulichoma mingi kabisa, magunia yako pale yanaonekana na macho lakini kwa hesabu yao hayako. Pesa ilikuja miezi mitatu baadaye, mimi nilipata Ksh 1,260 kwa M-Pesa. Sikulia, kwa sababu faida yangu ilikuwa kwa magunia ya mahindi, lakini kama unaingia ukidhani kaboni italipa karo ya shule, jipange vingine. Hata ule mradi wa kaboni ya udongo uliofanywa Kisumu na Bungoma na shirika la Vi Agroforestry pamoja na Benki ya Dunia, ule wa wakulima 60,000 hivi, ulikuwa wa kwanza kupewa krediti za aina hiyo, yaani zile tani za kaboni zinazouzwa, Januari 2014, tani 24,788, na ukigawa hizo kwa watu wote hao unaona mwenyewe kila mtu anapata nini. Wakulima walifaidika na mafunzo na mavuno.

Shida yangu kubwa, na ndio imekata nyota mbili, ni karatasi.

Kandarasi ilikuja kwa Kiingereza, kurasa 11, tukaambiwa tutie sahihi siku hiyo hiyo kwa sababu msimu unaanza. Ndani imesema miaka kumi. Imesema haki zote za kaboni za shamba zinaenda kwao, wala si za yale makaa peke yake, na hapo chini kuna mahali pa "mwenye ardhi". Sasa kwa kikundi chetu wanawake ni 14 na hakuna hata mmoja ana hati miliki. Shamba langu mimi bado liko kwa jina la baba mkwe, alizikwa kitambo na urithi haujafanywa, na nyinyi mnajua huku kwetu niko kama wengi. Tukaambiwa basi tulete mashemeji watie sahihi. Wenzangu wawili walifanya hivyo na pesa yao ikaingia kwa simu ya shemeji, yaani mtu hajawahi kubeba hata gunzi moja ndio analipwa, na yule aliyeshinda kwa moshi macho yakiwasha anaenda kuomba. Mimi nilikataa kutia chochote. Nikauliza pia hii tani mnauza pesa ngapi, nikajibiwa ni siri ya biashara.

Nikaenda kusoma sheria, kijana wangu alinisaidia kuitafuta. Sheria yetu ya mabadiliko ya tabianchi ni ya 2016, ikafanyiwa marekebisho 2023, rais akatia sahihi mwanzo wa Septemba siku chache kabla ya ule mkutano mkubwa wa tabianchi wa Afrika pale KICC Nairobi, halafu kanuni za soko la kaboni zikatoka 2024. Imesema mradi lazima ufanyiwe tathmini ya athari za mazingira na jamii, uandikishwe kwa sajili ya taifa, na kuna makubaliano ya maendeleo ya jamii ambapo mradi wa ardhi unatoa angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka kwa jamii baada ya kuondoa gharama, ile isiyo ya ardhi asilimia 25. Nilifurahi sana kusoma hapo, nikafikiri nimepata fimbo. Lakini soma vizuri: hayo makubaliano yanaongelea ardhi ya umma na ardhi ya jamii. Sisi huku magharibi tuko na vishamba vya watu binafsi, ekari moja, nusu ekari, kwa hivyo ile 40 haitufikii, kinachotulinda ni kandarasi peke yake. Ndio maana nasema isome hata kama ni kurasa 11, na kama huelewi Kiingereza chake kataa mpaka isomwe mbele ya wote.

Wakati tukivutana hivyo wakaita wawakilishi wa vikundi semina ya siku moja Kisumu, kwa hoteli moja karibu na ziwa. Nauli walirudisha, chakula kilikuwa kizuri, hapo sina lawama. Mtoa mada akaonyesha slaidi ya "teknolojia za tabianchi": miti, baiocha yetu, unga wa mawe ya volkeno unaomwagwa shambani, mashine za kufyonza kaboni hewani kama ile ya Iceland inayoitwa Orca iliyojengwa 2021 ya kuvuta tani 4,000 kwa mwaka, na akasema hata Bonde la Ufa kuna watu wanajaribu kwa sababu tuko na mvuke wa ardhini na mawe ya kufungia hiyo hewa. Halafu kwa slaidi hiyo hiyo, mstari wa mwisho, kupunguza mwanga wa jua kwa kurusha salfa juu kabisa angani. Akapita haraka kama ni kitu kimoja na vingine.

Mzee mmoja kutoka Nyando akasimama. Nyando mnaijua, mvua ikizidi wanahama, ikikosa mpunga unakauka. Akauliza, "Sasa mwalimu, mtu akirusha hiyo kitu huko kwao na mvua ikapotea huku kwetu, sisi tunashtaki wapi?" Akaambiwa ni swali nzuri tutalirudia. Mpaka tunapanda matatu jioni halikurudiwa.

Mimi swali hilo lilikataa kunitoka kichwani kwa hivyo nalijibu hapa vile nilivyoelewa: hakuna pa kushtaki. Mlima Pinatubo kule Ufilipino ulilipuka 1991, ukatupa salfa juu na dunia ikapoa karibu nusu digrii kwa mwaka mmoja hivi, hapo ndio hili wazo linapata nguvu. Lakini mwaka uliofuata mvua ya nchi kavu pia ilipungua, na watafiti wameonyesha milipuko mikubwa ya kaskazini mwa dunia imewahi kufuatwa na ukame kule Sahel, chini ya jangwa la Sahara. Na ile kaboni inabaki pale pale angani, ukianza kurusha salfa halafu uache ghafla joto linarudi kwa kasi. Baiocha inatoa kitu hewani na kukifukia, hii nyingine inaweka pazia tu, na mtu akiziweka kwa slaidi moja bila kueleza anatuchanganya sisi wakulima na anaiharibia jina hata kazi nzuri yake mwenyewe.

Kwa upande wa sheria za dunia, mkataba wa bayoanuwai ulisema mwaka 2010 kule Nagoya, Japani, watu wajizuie na mambo haya ya kuchezea tabianchi, lakini haufungi mtu, na Marekani hata si mwanachama. Hapa kwetu Gigiri, Nairobi, kwa Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Uswisi ilileta hoja kuhusu mambo haya 2019 ikakwama, ikaleta tena 2024 ikaondolewa. Hiyo ya pili nchi za Afrika zilisimama imara zikitaka makubaliano ya kutoitumia kabisa hii ya jua, kama vile mawaziri wa mazingira wa Afrika walisema mwaka mmoja kabla. Nairobi ni safari ya siku moja kwa basi kutoka hapa na hakuna aliyetuambia kwa semina kwamba serikali za bara letu zina msimamo. Hilo lilinikera kuliko kila kitu.

Halafu kuna hii ya Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini mwa Sweden. Watafiti wa chuo cha Harvard cha Marekani walitaka kurusha puto la utafiti huu wa kupunguza jua pale Kiruna 2021, tena la kujaribu vyombo tu, hata hawangemwaga kitu siku hiyo. Wasami wakasema hamkutuuliza. Jaribio likasimamishwa, na mwaka 2024 mradi wote ukafungwa. Mexico nayo, kampuni ya Marekani ilienda ikarusha maputo ya salfa 2022 bila kuuliza mtu, Januari iliyofuata serikali ikasema itapiga marufuku. Nilimsomea mwenyekiti wetu hiyo ya Wasami, akanyamaza kidogo akasema basi na sisi tuandike barua.

Tukaandika. Kwa Kiswahili, sahihi na vidole gumba 18. Tulisema hivi: mnachouza ni makaa yaliyopimwa kwa gunia, si udongo wa shamba, sasa hati miliki ya nini? Anayechoma ndiye atie sahihi na alipwe kwa simu yake. Na haki za kaboni ziishie kwa hayo makaa, miti yangu ya grevillea isiingizwe humo.

Ilichukua miezi miwili. Yule kijana akarudi na karatasi mpya, kurasa nne, Kiswahili kizuri tu. Mwenye ardhi imetolewa, imeandikwa mchomaji. Haki ni za baiocha peke yake. Wenzangu wale wawili msimu huu wamelipwa kwa simu zao, mmoja alinipigia usiku kunisomea ile meseji. Simu moja ya tachi pia wameleta ya kikundi, kwa hivyo picha hazikataliwi tena ovyo.

Miaka kumi bado iko, tunataka mitatu halafu tukae chini upya. Bei wanayouzia bado hawasemi, na mpaka waseme hizo nyota mbili siongezi. Mimi nimetia sahihi kurasa tatu, ile ya nne ya miaka nimeiacha wazi na nimewaambia wazi kwa nini.

Kama uko karibu na Kimilili na unataka kuona tanuri likiwaka kabla hujajiandikisha popote, sisi huchoma Jumamosi asubuhi kabla upepo haujaamka. Beba magunzi yako, na kama ushapewa kandarasi na mradi wowote, ibebe pia tuisome pamoja.