Linki za stabilaiza za chapa ya 555 kwenye Spacio: nimezifunga mwenyewe uani, huu ni mwezi wa nane

Gari langu ni Toyota Spacio new model, ya injini ya 1NZ, na njia ya kuingia kwetu Kinyerezi ni mawe matupu na mifereji iliyochimbwa na mvua. Nalisema hili mapema ili anayeendesha kwenye lami mwaka mzima asije akaniambia zake zina miaka mitano na hajasikia kitu.

Kelele ilianza mbele kushoto, kama kijiko kinachogonga sufuria. Ko-ko-ko, lakini kwenye vijishimo na mawe ya upande mmoja tu. Nikipanda tuta, tairi zote mbili za mbele zikanyanyuka kwa pamoja, kimya. Fundi niliyempelekea alizunguka gari mara moja, akabonyeza boneti kwa kiganja, akasema shokapu zimekufa zote mbili, niandae laki tatu na nusu. Nikamwambia nitarudi. Sijarudi mpaka leo.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na ile kelele inayonyamaza kwenye tuta ilinikosesha usingizi. Stabilaiza ni chuma kinachounganisha mguu wa kushoto na wa kulia. Tairi zikipanda pamoja hakipindwi, kwa hiyo linki zake, vile vijiti vinavyokishikiza kwenye miguu hiyo, hazibebi mzigo wa maana. Tairi moja ikizama peke yake, chuma kinajipinda na linki zinavutwa. Nikaingia chini na tochi ya simu, nikashika linki ya kushoto, nikaitikisa. Ikacheza mkononi kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Raba yake ilikuwa imechanika na grisi imegeuka udongo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa la bahili. Nilinunua jozi ya elfu ishirini na mbili, boksi jeupe lisilo na jina, nikamlipa kijana elfu kumi na tano azifunge. Mwezi wa tatu kijiko kikarudi kwenye sufuria.

Safari ya pili nikaenda maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani na linki moja mbovu ndani ya mfuko wa Rambo. Muuzaji niliyempata alikuwa na subira. Kwanza aliniuliza chesisi namba, kisha akaichukua ile mbovu na kuilaza sambamba na mpya kwenye kaunta, kwa sababu linki za Toyota zinafanana sura na kupishana urefu. Halafu akanifundisha kitu ambacho sasa nakifanya kila mara. Shika linki mpya, sukuma kile kichwa chenye nyuzi kwa dole gumba. Ya 555 ilikuwa ngumu, ikisogea taratibu na kubaki pale nilipoiacha. Akachukua ya bei rahisi, akaiinamisha, kichwa kikaanguka chenyewe. “Hiyo bado mpya, Madam,” akasema, hakuongeza neno. Nililipa elfu sabini kwa jozi, na risiti akanipa bila kuombwa.

Jumamosi saa mbili asubuhi nikaanza. Vifaa: wili spana ya 21, spana ya 17, alenkii namba 6, brashi ya waya, kopo la WD-40, na jeki iliyokuja na gari, ile ya kuzungusha. Nati za tairi nililegeza gari likiwa bado chini, nikaweka mawe nyuma ya tairi za nyuma, na tairi nililolitoa nikalisukuma chini ya ubavu wa gari, jeki ikiteleza gari lipate pa kuangukia. Tofali za saruji sizitaki kabisa kwa kazi hii, zinapasuka bila kutoa taarifa.

Kufungua ndiko kulikonitoa jasho. Nati ikizunguka, kichwa cha linki kinazunguka nayo, kwa hiyo lazima ukizuie kwa alenkii katikati, na kile kitundu kilikuwa kimejaa kutu na matope. Nilikichokonoa kwa msumari dakika ishirini. Nati ya juu ilikubali. Ya chini alenkii ikaanza kuteleza, nikasimama kabla sijaila pembe zake, nikaenda kwa jirani fundi mageti kuazima msumeno wa chuma. Mama wa genge akaniona nikipita. “Mwalimu, si umwite fundi jamani?” Nikamwambia fundi ndiye huyu.

Sasa linki mpya. Juu ikaingia. Chini, tundu la stabilaiza lilikuwa limepanda karibu vidole viwili, nyuzi haziingii. Nikasukuma, nikavuta, nikaweka mtaimbo, nikamtaja muuzaji wa watu kwa maneno ambayo hakustahili, nikiamini amenipa ndefu. Kijana wa jirani, yuko kidato cha pili na namfundisha, alikuwa ameegemea ukuta akila muwa. “Madam, si umenyanyua upande mmoja? Chuma si kimejipinda?”

Nilinyamaza kidogo. Tukaleta jeki ya baba yake, tukanyanyua na upande wa pili, stabilaiza ikalegea, nyuzi zikaingia kwenye tundu kwa kidole. Upande wa kulia ulituchukua dakika arobaini. Yule kijana amesimulia shule nzima.

Miezi minane sasa. Kelele hakuna, gari halilali sana kwenye kona kama awali, na raba zote nne bado nzima, ingawa ya chini kushoto imeanza kupauka. Baada ya wiki moja nilizipitia nati kwa spana, moja ilikubali robo ya mzunguko. Ninalolalamikia ni dogo: ndani ya boksi hamna hata karatasi ya maelekezo. Kwa bei hiyo nilitegemea kamchoro.

Walioniuliza kama nitafunga shokapu za mbele mwenyewe: hapana. Springi yake imebanwa kwa nguvu ya kuvunja taya, na bila kibanio chake maalumu sifungui ile nati ya juu hata kwa kubembelezwa. Hiyo nitalipa fundi, nikae kwenye benchi nimtazame.

Kuanzia juzi nasikia kitu kingine nyuma kulia. Kijana anasema bushi, zile raba za kwenye maungio. Mimi nasema spea tairi halijakazwa vizuri. Tumewekeana soda, Jumamosi tunaingia chini.