Chandarua au dawa ya viluwiluwi: Dar inahitaji nini zaidi?

Chandarua chenye dawa ukikichomeka vizuri chini ya godoro, umelala. Anofelesi, mbu wa malaria, huuma zaidi usiku. Lakini Dar nani yuko kitandani saa mbili usiku? Watu wako barazani, kwenye chipsi, kituoni wanagombania daladala. Na Aedesi, mbu wa dengue, huuma mchana kweupe. Mlipuko wa 2019 ulituonyesha.

Dawa ya viluwiluwi humfuata mbu majini kabla hajaota mbawa. Inayotumika ni bakteria aitwaye Bti: kiluwiluwi akimla, utumbo unaharibika, samaki hawadhuriki. Jijini ilianza kunyunyizwa kwenye baadhi ya kata mwaka 2006, na Kibaha kuna kiwanda cha dawa za namna hii. Taabu yake ni kurudiarudia. Mbu hukua kwa wiki moja hivi, kwa hiyo mnyunyizaji akikosa zamu bonde la Msimbazi baada ya mvua, kazi imerudi nyuma. Tena tairi bovu lililoko uani kwako halifikii mpaka umfungulie geti (na wengi hatufungui).

Fedha ya mtaa ningeiweka kwenye dawa. Chandarua kibaki, ila kikitoboka kishonwe.