Mashine ya kuvuta hewa kwenye mifuko: hopsi sawa, kimea hapana

Anayepika bia nyumbani akinunua mashine ya mezani ya kuvuta hewa kwenye mifuko, ajue anainunua kwa ajili ya hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Matumizi mengine ni nyongeza tu, na kuna viungo ambavyo havitakiwi kuiona kabisa.

Hopsi huharibiwa na hewa, joto na mwanga. Asidi za alfa, zinazoleta uchungu, hupungua, na mafuta yenye harufu hutangulia kuondoka. Pakiti iliyofunguliwa, ikakunjwa mdomo na kuachwa kabatini, mwishowe hunuka jibini. Ikitolewa hewa na kuwekwa kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, hukaa mwaka na zaidi. Lakini pakiti ya foili ya kiwandani ambayo haijafunguliwa iache ilivyo. Mfuko wa plastiki angavu hauishindi.

Ubovu wa kazi hii karibu wote uko kwenye mstari wa kuchomea. Hopsi ya vidonge, yaani iliyosagwa na kushindiliwa, huacha vumbi la kijani, na vumbi likibaki pale waya wa moto unapopita, plastiki haishikani: mfuko unatoka mgumu kama tofali, kesho yake umelegea. Kwa hiyo kunja mdomo wa mfuko kwa nje kama sentimita 5 kabla ya kumimina, ukunjue baadaye, kisha choma mistari miwili sambamba. Mashine isiyo na kitufe cha kuchoma bila kuvuta hewa haifai kununuliwa. Pima gramu 50 au 100 kwa mfuko, na uandike jina, asilimia ya alfa na mwaka wa mavuno kabla ya kujaza, maana kalamu haiandiki vizuri juu ya vidonge. Acha mdomo mrefu pia. Kila ukifungua na kufunga tena, mfuko unapungua. Hopsi ya maua mazima inataka pampu isimamishwe mapema, la sivyo maua yanapondeka.

Mifuko nayo ina yake. Ile laini pande zote hujibana yenyewe mdomoni na hewa haitoki, kwa hiyo chukua yenye mistari ya kukwaruza. Plastiki ya poliethilini tupu hupitisha oksijeni polepole. Yenye tabaka la nailoni huizuia zaidi. Siku ya kupika, uache mfuko uliotoka kwenye friza uishe baridi yake ukiwa bado umefungwa, usije ukaingiza umande kwenye hopsi zitakazobaki.

Kimea ni habari nyingine. Punje nzima ina maji kama asilimia 4 na ganda lake linailinda vya kutosha. Ncha zake ndizo zinazotoboa mfuko. Fedha za mifuko ziende kwenye ndoo za lita 20 zenye kifuniko cha kuzungusha na mpira. Kila moja hubeba kama kilo 11, hivyo gunia la kilo 25 litahitaji tatu. Futa mfereji wa mpira kila unapofunga: punje moja ikinaswa hapo, unyevu umepata mlango. Kipimo cha haraka ni meno. Kimea kizuri hupasuka kikitafunwa. Kikinyumbuka kama ngozi, kimeshanyonya maji. Ukihofia fukusi, kigandishe wiki nzima kabla ya kukitia ndooni. Kilichosagwa hakina ganda la kukilinda, kwa hiyo saga karibu na siku ya kupika.

Unga wa kimea, ule mkavu unaoyeyuka, unafaidika kweli na mashine, kwa sababu ukipata unyevu hugeuka jiwe. Ila ukimiminwa wazi mfukoni, pampu inaufyonza. Kunja pakiti yake ya asili, uitumbukize yote ndani ya mfuko mkubwa, ndipo uvute. Ujanja huohuo unafaa kwa pakiti ya chachu kavu iliyobaki nusu. Isipotolewa hewa, hata kwenye friji isipitishe siku 3. Chachu ya maji usiipeleke kwenye mashine wala kwenye friza. Yenyewe hutoa gesi, na barafu hupasua seli zake. Friji inatosha, na chachu hiyo itumike mapema kwa sababu seli hai hupungua kila mwezi.

Ukifunga mifuko mitano au sita mfululizo, waya hupata moto kupita kiasi na kuyeyusha plastiki badala ya kuiunganisha, kwa hiyo ipumzishe katikati. Halafu kuna ule mpira wa povu unaozunguka chemba, ambao ndio huchoka kwanza. Uliza kama unauzwa peke yake kabla ya kulipia mashine.