Uzoefu wangu: miezi 14 na mkataba wa IT kwenye kliniki ya meno yenye viti vinne

Kliniki iko Dar es Salaam: viti vinne, kompyuta saba, seva ndogo iliyofichwa chini ya kaunta ya mapokezi, vihisi viwili vya eksirei ya mdomoni (vibamba vinavyowekwa mdomoni kupokea picha) na mashine moja ya OPG, yaani ya eksirei ya taya zima. Tunalipa Sh 60,000 kwa kila kompyuta kwa mwezi na Sh 180,000 kwa seva, jumla Sh 600,000. Kampuni inayotutunzia kompyuta siitaji jina kwa kuwa nitasema na yaliyoharibika. Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano imeliwa na Jumamosi, nitafika huko.

Nianze na bakapu, yaani nakala ya akiba, maana ndiyo iliyonionyesha pesa inakwenda wapi. Kabla hawajagusa chochote waliomba bakapu yetu ya zamani wakaijaribu kwenye laptop yao. Tulikuwa na diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva mwaka mzima, na programu ya kunakili folda nzima ya kliniki kila siku saa mbili usiku. Folda ilirudi na picha zote zikiwemo, maelfu ya mafaili yenye majina ya tarakimu tupu. Kilichokosekana ni faili la database, lile lenye kumbukumbu za wagonjwa wote. SQL Server, programu inayoiendesha database, hulishikilia faili hilo muda wote inapokuwa kazini, na programu yetu ya kunakili ilikuwa ikikuta faili limeshikiliwa inaliruka, halafu inaandika kwamba kazi imekamilika. Bila database hiyo huwezi kujua gego lenye tundu ni la nani, lilipigwa picha lini, wala nani anadaiwa. Tulikuwa na albamu ya meno yasiyo na wenyewe.

Sababu ya pili ya kukosa bakapu ya database ilikuwa kwenye toleo lenyewe la SQL Server. Programu nyingi za kliniki huja na toleo la bure la SQL Server, ambalo halina kipangaji chake cha kuanzisha kazi kwa saa iliyopangwa. Amri ya bakapu inabidi iwekwe kwenye kipangaji cha Windows, na siku mtu akibadilisha nywila ya akaunti iliyopewa kazi hiyo, kazi inakufa kimya kimya. Toleo tulilonalo lina ukomo pia: database ikifika GB 10 haipokei tena mgonjwa mpya. Yetu ilikuwa imefika GB 7.8. Muulize fundi wako namba hiyo leo.

Mpangilio wa sasa uko hivi. Saa 2:30 usiku database inajitolea nakala yenyewe kwa amri yake rasmi, siyo kwa kunakiliwa faili. Nakala hiyo pamoja na picha mpya vinakwenda kwenye sanduku la diski lililo chumba kingine, kwa akaunti ambayo kompyuta za viti haziijui. Usiku wa manane vitu hivyo hivyo vinapanda mtandaoni, vikiwa vimefungwa kwa ufunguo tulio nao sisi. Halafu kuna diski mbili za kuchomeka zinazopokezana Jumatatu na Alhamisi, ambazo baada ya kunakili huchomolewa na kufungiwa kabatini. Diski iliyochomekwa muda wote siihesabu kuwa bakapu, kwa sababu virusi vya kufunga mafaili na kudai pesa huifunga pamoja na seva.

Kuhusu kupandisha mtandaoni, piga hesabu kwanza. Tulikuwa na GB 300 za picha na laini ya faiba inayopandisha Mbps 10. Hiyo ni karibu saa 67 mfululizo bila laini kuyumba hata kidogo. Wao walichukua diski wakaenda kuipandishia ofisini kwao, na sisi tukabaki na nyongeza ya kila siku. Kama una mashine ya picha za pande tatu, ambako mgonjwa mmoja anaweza kula mamia ya MB, usisaini kabla hujaona hesabu hiyo kwenye karatasi.

Kila miezi mitatu wanarejesha kila kitu kwenye kompyuta tupu. Dada wa mapokezi ndiye anayechagua wagonjwa watano, siyo fundi, na kwa kila mmoja tunaangalia vitu vinne: miadi, chati ya meno, picha na salio la deni. Mara ya kwanza kazi ilichukua saa 3 na dakika 40. Mara ya mwisho ilichukua saa 1 na dakika 50.

Sasa yaliyoharibika. Wiki ya pili antivairasi yao mpya iliona faili moja la kihisi halina sahihi inayoijua, ikaliweka karantini katikati ya siku. Dalili yake ni mbaya kuliko kompyuta kuzimika. Programu inasema iko tayari, mtaalamu anabonyeza, mionzi inatoka, picha haiji. Mgonjwa anapigwa picha mara ya pili kwa sababu ya sasisho la kompyuta. Kosa ni lao, maana folda za programu ya picha na za database zilipaswa kuachwa nje ya ukaguzi wa papo kwa papo tangu siku ya kwanza, kisha zikaguliwe usiku. Baada ya hapo tuliandika sharti kwenye mkataba: hakuna sasisho kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni, na kila sasisho linaanzia kwenye kompyuta ya kiti namba 4. Asubuhi inayofuata tunapiga picha ya jino lililong'olewa kabla mgonjwa hajakaa. Sasisho likipita wiki moja salama, ndipo viti vingine vinafuata.

Upande wa vihisi ndiko wanakotofautiana na fundi wa kawaida wa kompyuta. Walikuta kihisi cha kiti namba 3 kikipotea mara tatu au nne kwa siku. Fundi aliyetangulia alikuwa ameshaweka Windows upya mara mbili bila mafanikio. Hawa walipima kebo. Kulikuwa na waya wa kurefusha wa mita tano, ukijumlisha na kebo ya kihisi chenyewe, wakati USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita tano kwa jumla. Wakahamisha kompyuta karibu na kiti, wakazima ule mpangilio wa Windows wa kulaza tundu la USB ili kuokoa umeme, tatizo likaisha. Pia walinakili mafaili ya urekebishaji ya kila kihisi, yale yanayosawazisha picha yake, na kuyahifadhi kwa namba ya kifaa. Kila kihisi kina lake. Ukibadilisha kompyuta bila faili hilo, picha inakuja na mistari au programu inakikataa kihisi kabisa.

Kompyuta ya OPG bado ina Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020, na programu ya mashine haikubali toleo jipya. Sikuuziwa mashine mpya, na hilo nawapa sifa. Waliitenga ndani ya swichi, kile kifaa kinachounganisha nyaya za mtandao, ikawa kwenye mtandao wake pekee. Haina intaneti, haioni kompyuta za viti, inaruhusiwa kupeleka picha kwenye seva tu. Wi-Fi ya wagonjwa, televisheni na kamera za ulinzi navyo vikapewa mtandao wao. Zamani vyote vilikuwa sebule moja.

Mlango 3389 wa ruta, ule wa kuingilia Windows kwa mbali, uliokuwa umefunguliwa ili daktari aangalie picha akiwa nyumbani, waliufunga siku ya kwanza. Kama kwako uko wazi, acha kusoma ukaufunge. Kuna watu wanaojaribu nywila kwenye mlango huo usiku na mchana, dunia nzima. Daktari sasa anapita kwenye njia ya mtandao iliyofungwa kwa siri (VPN), na simu yake inaulizwa uthibitisho kwanza.

Kwenye nywila tulivutana. Walileta sheria ya benki: herufi 14, skrini kujifunga kila dakika tano. Daktari mwenye glavu zilizogusa mate hawezi kuandika herufi 14, na akivua glavu kila dakika tano kazi haiendi. Siku ya tatu nywila ilikuwa imebandikwa kwenye taa ya kiti. Tulipokubaliana ilikuwa PIN ya tarakimu sita kwa kila mtu, inayofanya kazi kwenye kompyuta hiyo tu. Skrini ya kiti inajifunga baada ya dakika 15 na ya mapokezi baada ya dakika tatu, maana ile ya mapokezi kila anayesubiri anaiona. Kibodi ina plastiki inayobadilishwa kwa kila mgonjwa.

UPS ya seva, betri ya kushikilia umeme unapokatika, tulikuwa nayo, ila ile kebo ndogo ya kuiambia seva kwamba umeme umekatika ilikuwa bado kwenye boksi lake. Imechomekwa, na betri ikishuka hadi asilimia 30 seva inajizima yenyewe kwa utaratibu. Kompresa ya hewa na otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa, hazichomekwi kwenye UPS hiyo.

Jambo la kubana kabla ya kusaini ni usalama wa kampuni yenyewe. Agosti 2019 huko Wisconsin, Marekani, wahalifu walipitia huduma ya bakapu iliyokuwa inatumiwa na kliniki za meno na kufunga mafaili ya takriban kliniki 400. Aliyeshika funguo zako zote ndiye mlango mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo chombo chao cha kuingia kwa mbali lazima kiwe na uthibitisho wa hatua mbili, bakapu ya mtandaoni isifutike kabla ya siku 30 hata wakiamuru wao, na nywila kuu zikae pia kwenye bahasha iliyofungwa, kwenye sefu yetu. Bahasha walichelewa kuileta miezi miwili, hadi tulipozuia malipo. Mkataba uandike vilevile seva za mtandaoni ziko nchi gani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kuzipeleka nje ya nchi kuna masharti yake.

Jumamosi basi. Mkataba wa mwanzo ulisema Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi ndiyo siku yetu ya foleni. Jumamosi moja kihisi kiligoma saa nne asubuhi, simu ikaita mpaka ikakata, kundi la WhatsApp likaonyesha tiki moja. Sasa tumeongeza Sh 100,000 kwa mwezi, tuna namba ya mtu wa zamu, na anapokea ndani ya dakika 20. Bado nimebandika karatasi ukutani kando ya kiti namba 1: funga programu ya picha, chomoa kihisi, hesabu hadi kumi, rudisha kwenye tundu lile lile, kwa sababu Windows ikikiona kwenye tundu jingine inaweza kukichukua kama kifaa kipya. Fungua programu, subiri taa ya kijani. Isipowaka, mhamishie mgonjwa kiti namba 2, kisha piga simu.