Grupu la wapiga picha: WhatsApp au Telegram?

Kila mwezi lazima mtu aulize, tubaki WhatsApp au tuhamie Telegram, maana grupu limejaa "habari za asubuhi" na stika, na ukiuliza swali la lenzi linazama ndani ya dakika tano.

Bando kwanza. Hapa WhatsApp inashinda bila jasho, watu wengi wana bando lake na hata mzee wa studio anajua kuitumia. Telegram nusu ya watu watadaunilodi halafu wasirudi tena, na grupu likipoa hakuna mjadala wa kulinda.

Sasa kudhibiti kelele, hapo Telegram iko mbali sana. Kuna slow mode, unampa kila mtu nafasi ya kutuma meseji moja kwa muda fulani, hadi saa nzima, na unaweza kugawa grupu kwa mada, taa huku, kuedit kule, kuuza kamera kona yake. WhatsApp admin anaweza kufuta meseji ya mtu au kufunga grupu waandike maadmin tu, ila ukifunga hivyo si maongezi tena, ni matangazo.

Idadi ya watu kwenye grupu moja: WhatsApp mwisho 1,024, Telegram laki mbili. Lakini jamani, nani anataka laki mbili?

Mkiwa arobaini mnaojuana, bakini WhatsApp, wekeni admin mkali mmoja. Mkishapita mia tatu na wageni wanauliza maswali yaleyale, hameni, ila admin akae tayari kusukuma watu wiki za mwanzo.